Washirazi wa Pwani: Babu Katoka Uajemi, Bibi Je?

Kaa baraza lolote Tanga, hutakosa mzee wa kukwambia: "Sisi Washirazi bwana, asili yetu Uajemi." Vijana hucheka, wanaona mzee anajikweza tu. Kumbe hakudanganya, ila kasimulia nusu.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa majibu ya DNA ya watu 80 wa zamani, wengi wao waliozikwa kwenye miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa kati ya 1250 na 1800. Majina yao hayajulikani, lakini mifupa imesema. Kwa wengi wa pwani, ukoo wa kiumeni unarudi Asia, hasa Uajemi, na mchanganyiko ulianza kama mwaka 1000. Ukoo wa kikeni? Afrika hapahapa, tena mara nyingi ndiyo zaidi ya nusu ya damu yao.

Na DNA inaonyesha Uajemi tu, mji wa Shiraz wenyewe haiutaji.

Kwa hiyo anayetafuta kwao asiishie kwenye jina la babu. Lugha anayoulizia, Kiswahili, ni ya Kibantu. Hiyo ni ya kina bibi.

Je, kwenu wanasemaje?