Beetle ya Guka: Kutoka Volti 6 Hadi 12 Bila Kuchoma Dinga

Kama uko na Beetle ya guka imelala ushago chini ya mwembe, na umeapa mwaka huu itaonekana Thika Road, kuna swali moja la kujibu kabla hujaongea mambo ya rangi na rimu: hiyo dinga ni ya volti ngapi? Hapo ndipo wasee wengi huchezwa. Unamwaga ganji kwa rangi na viti vipya, halafu usiku taa za mbele zinamulika kama mshumaa na asubuhi starta inalia pole pole ni kama inaombwa.

Beetle za zamani zilitoka Ujerumani na umeme wa volti 6. Na usizidharau. Tommy Fjastad alishinda East African Safari ya 1962 na VW 1200, kwa matope na vumbi yetu hapa. Volti 12 zilikuja kwa modeli za 1967, lakini si kwa zote. Zile za Marekani zilibadilishwa, huku 1200 za bei ya chini zilizouzwa Ulaya zikiendelea na volti 6 kwa miaka kadhaa. So mwaka ulioandikwa kwa logbook hautakuambia kitu. Inua kiti cha nyuma, betri iko hapo chini. Hesabu vifuniko vya kuweka maji: vitatu ni volti 6, sita ni volti 12, juu kila chumba hutoa kama volti mbili. Halafu soma balbu za taa na ile plati ya dainamo, juu kuna uwezekano fundi fulani wa 1985 alibadilisha nusu ya gari akaenda zake.

Volti 6 yenyewe si ugonjwa. Shida ni hesabu. Wati ni volti mara ampea. Balbu ya wati 36 kwa volti 6 inakula ampea 6. Kwa volti 12 inakula 3 tu. Ampea zikiwa nyingi, kila mahali penye kutu panauma. Ukipoteza nusu volti njiani kwa gari ya volti 12, umepoteza kama asilimia 4. Kwa ya volti 6 umepoteza 8, na taa inaonyesha hiyo hasara waziwazi.

Ndio maana kabla fundi akuambie ununue kila kitu kipya, mwambie aanze na athi. Kuna mkanda wa waya uliosukwa unaounganisha giaboksi na bodi. Injini ya Beetle imekalia raba, so huo mkanda ndio njia ya umeme kurudi kwa betri. Ukiwa umeoza, starta inachoka, taa zinafifia, na utaambiwa betri imechapa. Utanunua betri. Itachapa tena. Toa huo mkanda, piga msasa pale unapofungwa hadi chuma king'ae, weka mpya. Kisha chukua multimita, waya mmoja kwa negativu ya betri na mwingine kwa injini, mtu apige starta. Ikisoma zaidi ya nusu volti, athi bado ni mbovu. Kuna watu wamefanya hiyo tu na wakaachana na mambo ya kubadilisha volti. Binafsi naona kama gari yako ni ya Jumapili na kwenda Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, volti 6 safi inakutosha kabisa.

Lakini kama ni ya kuendesha kila siku, na utarudi home saa tatu usiku ukiwa katikati ya matatu na trela, twende 12.

Habari njema kwanza: waya za volti 6 ni nene, so zitabeba volti 12 bila stress. Kama plastiki haijakauka na kukatika, hauhitaji kung'oa gari nzima. Kinachobadilika ni kile kinachokula au kutengeneza umeme: betri, dainamo na regyuleta yake, koili, balbu zote hadi zile ndogo za dashibodi, rilei ya indiketa, honi, redio, na ile choki ya umeme kama kabureta yako iko nayo. Mota ya wipa usiisahau. Ukiipa 12 itapiga kioo kama inafukuza nyuki, halafu itaungua. Tafuta ya volti 12 ama uweke kifaa cha kupunguza volti.

Starta ndiyo huleta ubishi Grogan. Kuna msee atakuapia kwamba starta ya volti 6 inafanya kazi kwa 12. Si jaba. Inafanya, tena kwa nguvu. Shida ni kwamba inagonga meno ya flaiwili kama nyundo, na siku moja utabaki na meno yaliyoliwa. Kubadilisha kabisa ndiyo kazi nzito: flaiwili ya zamani iko na meno 109, ya volti 12 iko na 130 na ni kubwa, so lazima sehemu ya ndani ya giaboksi ichongwe kidogo ndiyo izunguke. Na klachi inatoka milimita 180 inaenda 200. Injini lazima ishuke. Kwa bahati imeshikwa na bolti nne tu. Kama injini inashuka kwa sababu ingine, fanya yote siku hiyo hiyo.

Dainamo ama alternata? Dainamo ya volti 12 hutoa kama ampea 30, na ikiwa gari imesimama kwa jam inatoa karibu hakuna. Alternata hutoa zaidi ya 50 na inachaji hata ukiwa umekwama Globe. Lakini inahitaji stendi yake, na kwa Beetle feni ya kupoza injini imefungwa kwa shafti hiyo hiyo, so usikubali vitu vya kulazimishwa. Na kama unaota woofer ya wati 500, gawa kwa 12: hizo ni ampea karibu 42. Dainamo haiwezi, usiisumbue.

Sasa ile taa nyekundu ya dashibodi. Beetle haina maji. Mkanda mmoja unazungusha dainamo na feni. Taa ikiwaka ukiwa barabarani, inaweza kuwa chaji tu, ama inaweza kuwa mkanda umekatika na injini inajipika. Simama hapo hapo, zima, fungua nyuma ucheki mkanda. Wasee wameua injini wakisema watafika tu petrol station. Na kwa alternata nyingi hiyo balbu ikiungua, chaji inaweza kukataa kuanza kabisa.

Tuongee moto, juu Beetle huungua kweli. Betri iko chini ya kiti, kiti kiko na springi za chuma na pedi iliyokauka kama nyasi. Msee mzito akikaa nyuma, springi ikigusa pozitivu, cheche inaruka na moto unaanza chini ya abiria. Betri nyingi za sasa ni ndefu kuliko ile ya zamani, so ukibadilisha volti hiyo hatari inaongezeka. Pima urefu kabla ya kulipa, weka kifuniko cha plastiki ama raba nzito juu, na ufunge betri isitembee. Waya mkubwa unaotoka kwa betri kwenda mbele hauna fyuzi. Ongeza moja karibu na betri. Fyuzi za kidonge, nyeupe ni ampea 8 na nyekundu 16. Ukikuta moja imefungwa karatasi ya sigara, mtu aliwahi kuficha shida hapo. Itafute. Na paipu za petroli zilizopasuka pale nyuma badilisha kabla ya kuwasha chochote.

Taa za mbele zipe rilei na fyuzi zake, umeme utoke moja kwa moja kwa betri, swichi ya guka ibaki kazi ya kuamuru tu. Ukiweka indiketa za LED, rilei ya zamani itachanganyikiwa, nunua ya kielektroniki.

Moja ya mwisho kwa wenye Morris Minor na Land Rover za kabla ya katikati ya miaka ya 60: nyingi ziko na pozitivu kwa bodi. Ukifunga alternata ya kawaida hivyo hivyo, unaichoma papo hapo.

Kabla ya kuanza kazi toa negativu kwanza, na ukimaliza uirudishe mwisho. Washa, pima kwa betri: 13.8 hadi 14.4 injini ikizunguka, hiyo ni fiti. Siku ya kwanza endesha bila kile kiti cha nyuma, na ukifika gusa waya kwa mkono. Unaochoma vidole uko na shida. Vitu vya volti 6 vifunge kwa boksi, uandike juu, umwachie mwenye atarithi.