Kamusi za Misimu ya Kiingereza: Nani Aliyeandika Maana?

Mhakiki anayetaka kujua maana ya misimu ya Kiingereza cha karne zilizopita hana budi kutegemea kamusi. Wasemaji wenyewe wamekwisha kufa. Kilichobaki ni ushahidi wa aliyewasikia na kuandika. Makala haya yanadai kwamba ushahidi huo hauwezi kutenganishwa na nafasi ya mwandishi wake katika jamii.

Mnamo mwaka 1567 Thomas Harman, mwenye ardhi wa Kent, alichapisha kitabu kuhusu wazururaji na ombaomba, na kukiambatisha na orodha ya maneno yao ya siri. Habari hizo alizipata kwa kuwahoji waliopita mlangoni pake. Nia yake haikuwa kuihifadhi lugha yao bali kuwafichua. Hata hivyo, Thomas Dekker alichota kwake katika maandishi yake ya mwaka 1608, na mwaka 1611 lugha ya aina hiyo ikasikika jukwaani katika The Roaring Girl, tamthilia aliyoitunga pamoja na Thomas Middleton. Kwa hivyo, mhakiki anayeichukulia lugha hiyo kuwa sauti halisi ya mafukara hana budi kujihadhari: huenda anayemsikia ni kabaila.

Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliegemea waandishi wenye sifa. Maneno mengi ya watu wa kawaida aliyaacha nje, na baadhi ya yale aliyoyaingiza akayabandika sifa ya uduni. Francis Grose alichukua njia tofauti. Kamusi yake ya mwaka 1785 ilitokana kwa kiasi fulani na matembezi yake ya usiku katika vilabu vya pombe vya London, akisikiliza wanajeshi, mabaharia na wachuuzi. Humo ndimo inamopatikana nahau ya "kupiga ndoo teke", yaani kufa. Grose anatoa maana bila kueleza asili. Waliomfuata ndio waliobuni maelezo: wengine wakamtaja mtu anayejinyonga akiwa amesimama juu ya ndoo, wengine boriti ya kuning'inizia nguruwe aliyechinjwa. Maana imethibitika, asili ingali inabishaniwa.

Eric Partridge, aliyekuwa askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alitoa kamusi yake mwaka 1937, lakini aghalabu alikisia asili pasi na ushahidi wa kutosha. Jonathon Green, mwaka 2010, alisisitiza mifano yenye tarehe. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, tarehe ya neno kuandikwa mara ya kwanza si tarehe ya kuzaliwa kwake. Ni siku ambayo mwenye kalamu aliona linastahili wino. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza neno lina maana gani, mhakiki aulize kwanza ni nani aliyelisikia, na alilisikiliza kwa nia gani.