Entebbe, Malale na Maji Yanayozunguka Ubongo

Madereva wa watalii wanaokaa Njiro, Arusha, wanamfahamu vizuri mbung'o wa Hifadhi ya Tarangire: huuma hata juu ya nguo, na anaweza kubeba vimelea vya malale. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea Serengeti na Tarangire walirudi kwao na ugonjwa huo. Mgonjwa wa malale husinzia mchana, hukesha usiku, na asipotibiwa hufa.

Karne moja kabla, malale yaliua zaidi ya watu 200,000 kando ya Ziwa Victoria, hasa Busoga. Mwaka 1902 Uingereza ilituma wataalamu Uganda. Mmoja wao, Aldo Castellani, Mwitaliano wa miaka 28, aliwachoma wagonjwa sindano ya mgongo huko Entebbe, akatoa maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, akayazungusha kwa mashine hadi mashapo yakatuama. Novemba mwaka huo, chini ya darubini, akaviona vimelea vikijinyonganyonga. Daktari David Bruce aliwasili mwaka 1903 na kuthibitisha kwamba mbung'o ndiye msambazaji.

Hadi leo madaktari huyapima maji hayo kujua kama malale yamefika kwenye ubongo. Kazi ya maji hayo wakati wa usingizi ilichelewa kuchunguzwa.

Mwaka 2012 Maiken Nedergaard na Jeffrey Iliff, wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walionyesha kwamba katika panya maji hayo hupenya ubongo kando ya mishipa ya damu na kuzoa taka. Mwaka uliofuata Lulu Xie na wenzake waliripoti kwamba panya akilala, nafasi kati ya seli hupanuka kutoka asilimia 14 ya ubongo hadi 23, na amiloidi, protini inayorundikana kwa wagonjwa wa Alzheimer, huondolewa kwa kasi maradufu. Mwaka 2019, huko Boston, picha za watu waliolala zilionyesha maji hayo yakiingia ubongoni kwa mawimbi.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2024 watafiti wa London walipima panya kwa njia tofauti na kukuta rangi waliyoidunga ubongoni ikiondoka polepole zaidi usingizini.

Jibu la swali hilo, kama usingizi husafisha ubongo, linawahusu walinzi wanaokesha kwenye mageti ya Njiro, kisha kutafuta usingizi mchana kwenye joto na kelele. Wanastahili zamu zinazobadilishwa kwa utaratibu na siku za kupumzika zinazoheshimiwa, bila kusubiri wataalamu wakubaliane.