Mkate wa kusukuma

Bara wanasema chapati. Mombasa na Zanzibar bado utasikia mkate wa kusukuma. Chapati ni neno la Kihindi, na huko India hutaja mkate mkavu, usiokaangwa kwa mafuta. Huu wetu, unaopakwa mafuta, ukazungushwa kama konokono kisha ukasukumwa tena ili uchambuke, wao wangeuita paratha. Tulichukua jina la mmoja tukampa nduguye, na sioni haja ya kurekebisha.

Jina la pwani lanivutia zaidi, maana limeshika kazi yenyewe. Kuna mkate wa kusukuma, kuna wa kumimina. Kuna pia chapati za maji: unga unakorogwa mwepesi, unatandazwa kikaangoni, na staftahi iko tayari kabla chai haijatokota. Asubuhi ya kazi hizo ndizo zinazofaa. Wa kusukuma una masharti: kukanda, kupumzisha madonge, kutafuta kibao na kile kifimbo ambacho watoto wamekificha. Ndiyo maana wengi huusukuma jioni, asubuhi ukapashwa tu na kuliwa kwa chai ya rangi.

Vijana wa Nairobi wamefupisha, wanasema chapo. Kitenzi hawajakigusa: chapo nayo husukumwa.