Gazi ya ziwa Kivu: nini inaifunga chini, na inatoshwa namna gani

Chini ya ziwa Kivu kuko gazi mingi: karibu kilometa kibe 300 ya gazi karbonike (CO2) na karibu 60 ya metani. Metani inawaka na inaweza kutoa umeme. Gazi karbonike haiwake, na mutu akiivuta mingi anakufa. Karibu watu milioni mbili wanaishi kando ya ziwa, upande wa Congo na wa Rwanda.

Juu ya nini haipande?

Gazi karbonike inatoka mu udongo wa volkano. Maji ya chini, kuanzia metre 260 hivi, iko na chumvi mingi, ni nzito, haichangane na ya juu. Uzito wa maji unafunga gazi sawa vile kifuniko kinafunga chupa ya fanta. Fungua mara moja, povu inaruka.

Kule Kamerun ilifika vile. Tarehe 21/8/1986 usiku, ziwa Nyos lilitapika gazi karbonike. Juu ni nzito kupita hewa, ilishuka mu mabonde na kuua watu karibu 1.700 pamoja na mifugo yao. Na Nyos ni kadogo sana mbele ya Kivu.

Kazi ya tiyo

Tangu 2001, ku Nyos kuko tiyo inayoshuka mpaka chini. Pompi inaanzisha tu. Maji ikipanda, mapovu inatokea na kuisukuma yenyewe. Gazi inatoka hewani kidogo kidogo.

Ku Kivu, kufanya vile kungepoteza metani. Kituo cha KivuWatt, ku Karongi (Rwanda), kinavuta maji karibu metre 350 chini. Gazi ikitoka mu maji, inaoshwa na maji ya ziwa: gazi karbonike inayeyuka mu maji mbio kupita metani, basi inabakia mule. Metani inaenda inchi kavu kutoa megawati 26.

Shida kubwa ni mahali pa kurudishia maji. Ikimwangwa juu, itachafua kwenye samaki wanaishi. Ikirudishwa vibaya, itavuruga tabaka zenye zinafunga gazi. Njo maana inarudishwa chini, kwa kipimo. Hata hivi, metani ikiungua inatoa gazi karbonike hewani.

Kabuno

Ghuba ya Kabuno, upande wa Sake na Minova, ni kesi ingine. Pale gazi karbonike mingi inaanza karibu metre 12 tu, na metani ni kidogo. Kuitosha hakutaleta umeme wa kulipa kazi. Ni feza ya kulinda watu tu.

Na mazuku?

Mazuku ni gazi karbonike pia, lakini inatoka moja kwa moja mu udongo, zaidi kati ya Goma na Sake. Inajikusanya mu mashimo na mabonde, zaidi usiku na asubuhi wakati upepo haupige. Haionekane.

- Watoto na mbuzi wasishuke mule asubuhi.
- Ukiona nyama ndogo zimekufa mu shimo, rudi.
- Mutu akianguka mule, usimukimbilie. Wenye kwenda kuokoa wanaweza kufa pia. Ita wenye kuwa na vyombo vya kupumulia.