Walimwona Kuku

Kuna hadithi ambayo wasomi wa mawasiliano wameirudia kwa zaidi ya miaka 60. Enzi za ukoloni, watu wa afya walipeleka filamu fupi katika kijiji kimoja cha Afrika. Ilimwonyesha mkaguzi akifundisha namna ya kuondoa maji yaliyotuama nyumbani. Ilikwenda polepole mno, maana walioitengeneza waliamini Mwafrika hawezi kufuata picha za haraka. Ilipokwisha wakauliza: mmeona nini? Watu wakajibu: tumeona kuku.

Wenye filamu hawakujua kwamba ndani yake kuna kuku. Ikabidi waurudie mkanda kipande kwa kipande, na kweli, kwenye kona ya chini kuna kuku aliyekurupuka na kupita kwa sekunde moja hivi. Aliyeisimulia hadithi hii ni John Wilson wa Chuo Kikuu cha London. Marshall McLuhan, mwanazuoni wa Kanada, akaiingiza katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy cha mwaka 1962, na tangu hapo kuku yule anazungushwa madarasani kama ushahidi kwamba asiyejua kusoma hajui hata kutazama.

Niliisoma nikiwa mwaka wa pili chuoni, na swali lililonijia lilikuwa dogo tu: kuku yule alikuwa wa nani? Aliyelelewa kwenye ua wenye kuku anajua kwamba kuku hakurupuki bure. Kuna mwewe, kuna mtoto mwenye fimbo, kuna mgeni. Mtu mzima husikia na kugeuka. Katika filamu nzima ya mtu anayewafundisha wengine usafi wa nyumba zao wenyewe, kiumbe pekee ambaye hakuwa akifuata maelekezo ni huyo kuku. Sioni ajabu kwamba alionekana.

Nimekuja kuamini kwamba historia ya sinema huku kwetu haiandikiki kwa kutazama ukutani peke yake. Inabidi ugeuke uwatazame waliokaa.

Tanganyika, jaribio kubwa la kwanza lilianza mwaka 1935 huko Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Liliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka Carnegie Corporation ya Marekani, na waliolibuni walikuwa watu wa International Missionary Council. Meja L. A. Notcutt alisimamia utengenezaji wa filamu, na G. C. Latham akasimamia upande wa elimu. Mpaka mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu zipatazo 35 na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti haikuwa ndani ya mkanda. Ilikuwa kwenye santuri, ili filamu moja iweze kusemeshwa Kiswahili hapa na lugha nyingine kule.

Ukisoma majina ya filamu zile unajua mara moja nani alikuwa anamwambia nani. Kuna ya kodi. Kuna ya minyoo ya safura. Kuna ya mmomonyoko wa udongo. Kuna ya benki ya akiba ya posta: mtu mmoja anafukia fedha zake ardhini, mwizi anamwona na kuzifukua, mwenzake kapeleka zake posta, yeye yuko salama. Mafunzo mengine yalikuwa mazuri. Safura ni ugonjwa kweli. Lakini yote yalikwenda upande mmoja. Mashine ilisema, watu wakatazama, lori likaondoka.

Sasa fikiria lori kama lile linaingia mahali ambapo jioni ilikuwa tayari na utaratibu wake. Kwa Wasukuma kuna shikome, moto wa jioni uani, ambapo wazee walikaa na vijana wakazungumza mambo ya mifugo, ya mashamba, ya ukoo, na hadithi zikafuata. Pwani nako hadithi haianzi mpaka msimuliaji aseme "Paukwa" na wasikilizaji waitikie "Pakawa". Kimya kikitanda, msimuliaji hana kazi. Watu waliozoea kuitikia waliwekewa mbele yao kitu kisichosubiri kuitikiwa. Nadhani ndiyo maana waliamua kuitikia hivyo hivyo. Wakaongea juu yake, wakacheka mahali pasipokusudiwa, wakamwona kuku.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Afrika Kusini ilitengeneza Tanganyika filamu za Kiswahili kwa niaba ya serikali. Katika Muhogo Mchungu aliigiza kijana mmoja mfanyakazi wa ustawi wa jamii, ambaye kazi yake iliwahi kumzungusha vijijini na gari la sinema. Jina lake Rashidi Kawawa. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa nchi. Huwa nawaambia wenzangu kwamba nyota wetu wa kwanza wa filamu ameishia kwenye vitabu vya uraia, hatujawahi kumpa nafasi yake ya sinema.

Mijini mambo yalikwenda kivingine. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, anaeleza jinsi Jumapili ilivyokuwa siku ya sinema kwa familia za miji yetu, na jinsi filamu ya Kihindi kama Awara ya Raj Kapoor ilivyozungumzwa barazani siku nyingi baada ya kuonyeshwa. Zanzibar kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Na mwaka 1966 ikafunguliwa Drive-In ya Dar es Salaam. Familia zilifika na magari, na vyungu vya pilau, na watoto waliokwisha kuogeshwa ili wakisinzia wabebwe moja kwa moja kitandani. Kiwanja kile leo ni cha ubalozi wa Marekani. Kwa hiyo tukiona mtandaoni familia za ng'ambo zinaandaa usiku wa filamu na chakula na michezo ya watoto, tusidhani ni jambo lililoanzia kwao.

Tanzania Bara ilikaa bila televisheni mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo video ilikwishaingia, na ikazaa kibanda umiza: mabenchi, pazia zito mlangoni, joto, na filamu ya Hong Kong au ya Marekani ambayo hakuna anayeielewa lugha yake. Ndipo walipojitokeza wasimuliaji. Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, alichukua filamu za watu akazisimulia upya kwa Kiswahili, akaeleza, akatania, akaongeza yasiyokuwemo. Uganda wapo pia, wanaitwa VJ. Wengi waliona ni kupotosha kazi za watu. Mimi naona ni shikome imeingia kibandani na kukaa mbele ya televisheni.

Halafu ikaja simu. Kila mtoto na kioo chake, na spika masikioni. Hili ndilo linalonisumbua. Mambo wanayoyatazama si mabaya kuliko yale ya kibandani. Tofauti ni kwamba pembeni yao hakuna mtu wa kuwaambia, "Hapo siyo hivyo."

Likizo ya Desemba nilivuka na kivuko kwenda Kamanga, nyumbani kwa mama mkubwa. Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, ukitoka Mwanza unaweza kufika upande ule wa ghuba bila kupanda chombo, lakini mwenye watoto hawezi kuwanyima kivuko. Kulikuwa na watoto 11 nyumbani pale, wa rika zote. Nikapendekeza tufanye usiku wa filamu, na mada iwe ziwa.

Mama mkubwa akauliza, "Na chakula?" Nikajua amekubali.

Mchana ulikuwa wa kazi. Wakubwa walikaanga dagaa na mihogo, wakachemsha michembe iwe ya kutafuna na karanga, na bisi zikapasuka kwenye sufuria iliyofunikwa kwa sinia. Watoto walikata majalada ya madaftari ya zamani kwa umbo la samaki. Hizo ndizo tiketi. Kila mmoja alipaswa kuchora samaki anayemjua kwa jina. Tiketi peke yake haikutosha kuingia. Mlangoni alikaa binamu yangu, na kila mtoto alitakiwa kumtegea kitendawili. Akikitegua, mtoto anarudi nyuma ya foleni kutafuta kingine. Mdogo kuliko wote alitega kitendawili ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekielewa, akaingia wa kwanza.

Tulifunga shuka jeupe kati ya mwembe na ukuta wa jiko. Filamu ilikuwa Finding Nemo, ya mwaka 2003, na binamu ndiye aliyesimulia, kwa mtindo wa kibandani. Mwanzoni tu mwa filamu samaki mkubwa mwenye meno anavamia mayai, mama wa watoto anapotea, na baba anabaki na yai moja. Kabla binamu hajafungua mdomo, msichana wa darasa la tatu alipiga kelele: "Sangara huyo!"

Ikawa imekwisha. Kila samaki mkubwa akawa sangara. Nemo akaitwa furu. Bahari ya Australia ikawa ghuba ya Mwanza, na binamu, msimuliaji mzuri, akafuata walikotaka wao.

Mama mkubwa alikuwa kwenye mkeka nyuma. Akasema, "Furu tumewala sana sisi. Mlikuwa mnashuka hapo chini na kipande cha chandarua, mnarudi na sufuria imejaa." Watoto wakageuka wote. "Sasa wako wapi?" Binamu akasimamisha filamu, na ikasimama karibu nusu saa.

Alichowaeleza mama mkubwa kwa maneno yake, sayansi ina maelezo yake. Sangara hakuwa wa ziwa hili. Aliingizwa upande wa Uganda miaka ya 1950. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu katika ghuba hii hii ya Mwanza, wakakuta aina nyingi ajabu, nyingine hazijawahi hata kupewa jina. Miaka ya 1980 sangara akaongezeka kwa kasi, na furu wakatoweka kwenye nyavu za watafiti wakiwa bado wanahesabiwa. Mmoja wa watafiti hao, Tijs Goldschmidt, aliandika kitabu kizima juu ya msiba huo. Mtoto wa Kamanga hana namna ya kukipata. Lakini usiku ule aliupata mkasa wenyewe, kwa sababu aliruhusiwa kusema "sangara" mbele ya samaki ambaye si sangara.

Watoto walipolala, wakubwa tulibaki tukimalizia dagaa. Mjomba akauliza kwa utani kama kesho tutaweka filamu ya mapanki. Kila mtu pale aliijua: Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, iliyopigwa Mwanza, ikashinda tuzo Ulaya na kuteuliwa kugombea Oscar. Inaonyesha minofu ya sangara ikipanda ndege kwenda Ulaya, na wenyeji wakibaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani, na taifa zima likabishana kama mapanki huliwa na watu au ni ya kutengenezea chakula cha kuku.

Nilitaka kusikia mjomba anasimama upande gani. Alifikiri kwanza. Akasema mapanki wameyala, na asiyesema hivyo anaona aibu bure. "Lakini mapanki yale yale mama yenu ameyakaanga, akayauza, akamsomesha dada yako. Hilo kamera haikuliona." Hakusema filamu ni ya uongo. Alisema imepita juu ya kitu alichokiona yeye.

Hapo ndipo nilipomwelewa kuku wa McLuhan kwa upande wa pili. Kule kijijini, wenye filamu walionyesha somo, watazamaji wakaona uhai kwenye kona. Huku Mwanza, dunia nzima iliona dhiki, na watu wa hapa wakamwona mama aliyekuwa na biashara. Hakuna aliyeshindwa kutazama. Ila mmoja ndiye aliyekuwa na projekta, na ndiye aliyeandika ripoti.

Si kila atakachokisema mtazamaji ni sahihi. Samaki yule wa Nemo si sangara, na tuliwaambia watoto hivyo kabla hawajalala. Mjomba naye hana jibu kwa kila picha ya Sauper. Wapo watoto wa mitaani katika filamu ile ambao biashara ya mapanki haikuwasomesha. Lakini kosa lililosemwa kwa sauti uani husahihishwa palepale, na ukweli uliosahauliwa hurudi kupitia mlango huo huo. Mtu anayetazama peke yake hapati vyote viwili.

Kwa hiyo ukiandaa usiku wako, chagua mada inayogusa mahali ulipo. Pika kitu cha kutafuna polepole. Wape watoto kazi ya mikono kabla ya filamu, ili wakae wakiwa tayari na la kusema. Waweke wazee karibu, si kwenye kiti cha heshima mbali na shuka. Na usimnyamazishe mtu. Mtoto akisema ameona kuku, simamisha filamu umuulize ni kuku wa nani.