Kahawa ya Kutafuna

Wapenzi wa kahawa wa nchi hii wakikaa kuzungumza, huanzia Kilimanjaro, wakashuka Mbinga, wakapanda Mbozi, na kila mlima wakaupa sifa zake: hii ina uchachu wa limau, ile inanukia maua. Wakifika Kagera maneno huwaishia. Robusta hiyo, watasema, kahawa ya kuchanganyia, ya kupelekwa kiwandani ikafanywe unga wa kukoroga. Mimi nimekulia Kiziba, huko huko Kagera, kwenye kibanja ambacho migomba na mibuni ilisimama pamoja hadi mlangoni. Kahawa hiyo nimeitafuna kabla sijajua kuinywa, na za kwingine nimezionja za kutosha. Robusta ya ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Nyanza, ikichumwa na kukaushwa na mtu anayeijali, ni kahawa ya heshima. Wahaya, wenyeji wa huko, waliijua hivyo vizazi vingi kabla haijawekewa gredi wala kupangiwa mnada, na walikuwa na namna yao kali ya kutenganisha nzuri na mbaya.

Kwanza ardhi yenyewe. Robusta katika sehemu nyingi za dunia hulimwa nyanda za chini, kwenye joto. Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua inayoletwa na ziwa hufikia kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Tunda huiva polepole. Kutoka ua hadi kuchumwa ni miezi kumi au zaidi. Tena mbuni wa robusta haujirutubishi kwa chavua yake wenyewe kama ufanyavyo wa arabika. Unahitaji chavua ya mbuni mwingine wa asili tofauti. Kibanja cha Mhaya, chenye mibuni ya asili mbalimbali iliyorithiwa na kuombwa kwa majirani, kiliufaa mti huu kabisa. Mvua za kwanza zikinyesha, kibanja kizima huwa cheupe kwa maua kwa siku chache tu, na harufu yake inakaribia ya asmini. Aliyewahi kulala katika nyumba iliyozungukwa na maua hayo hahitaji hoja yangu.

Lakini uzuri wa kahawa hii haukuanzia kwenye kikombe. Ulianzia kwenye akamwani, kahawa ya kutafuna, na hapo ndipo nataka kukaa.

Bibi yangu mzaa baba aliitengeneza hivi. Alichuma matunda yaliyokwisha kukomaa lakini bado ya kijani, kabla hayajaanza kuwa mekundu. Alichuma moja moja kwa vidole viwili, akiliacha tawi na matunda yake machanga. Tulipojaribu kumsaidia kwa kulikamua tawi zima kwa mkupuo, kama watu wanavyofanya siku hizi wakiwa na haraka ya kuuza, alituondoa pale. Nyumbani aliyamwaga kwenye ungo, akatoa yaliyotobolewa na wadudu na yaliyokuwa mepesi mkononi. Kisha yaliingia kwenye chungu pamoja na majani yenye harufu aliyoyakata pembeni mwa kibanja, na mchaichai akiupata, yakachemka kwa muda mrefu juu ya moto mdogo. Harufu yake ilikuwa ya majani zaidi kuliko ya kahawa. Baada ya kuchujwa yalianikwa juani juu ya mkeka siku kadhaa, yakiingizwa ndani kila jioni na kila wingu lilipotanda, mpaka ganda likawa jeusi, likasinyaa. Mwisho aliyaning'iniza juu ya jiko kwa siku chache yapate moshi kidogo.

Ukiitia mdomoni, kwanza unapata ganda: ugumu, chumvi ya moshi, halafu utamu wa mbali unaofanana na wa tende iliyokauka. Ukilivunja, uchungu hutoka wote kwa pamoja, ukafuatwa na ubaridi wa yale majani. Kahawa hii haimezwi haraka. Inazungushwa mdomoni huku mazungumzo yanaendelea, na uchovu wa safari unapungua wenyewe, kwa kuwa robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Bibi aliweza kusema, kwa kutafuna mbili tu, kama jirani alianika vizuri au alinyeshewa. Huo ndio uonjaji wa kahawa, na hakuwa na kijiko wala karatasi ya alama.

Mgeni akiingia na salamu zikaisha, kitu cha kwanza kilikuwa kikapu kidogo kilichosukwa kwa ustadi, chenye akamwani chache ndani. Kumkaribisha mtu bila kahawa ilikuwa ni kumwambia hakutakiwa. Mposaji alipewa, mdai alipewa, aliyeleta habari za msiba alipewa. Ndipo ikafuata lubisi, kwa nyumba iliyokuwa nayo. Nikisikia watu wakisifu divai na kahawa kama vitu viwili vya mtu mwenye ulimi mzuri, namkumbuka mzee wa Kihaya ambaye meza yake ilikuwa navyo vyote viwili. Lubisi hutokana na ndizi za pombe zilizovundikwa mpaka zikaiva, zikakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti. Maji yake matamu, omuramba, watoto walipewa mapema. Yaliyobaki yalitiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yakafunikwa kwa majani ya mgomba, na kesho yake yakawa kinywaji cha watu wazima, kikinywewa kwenye kibuyu kwa mrija. Lubisi iliyofanywa vyema ina uchachu safi na haiachi uzito mdomoni. Akamwani ikitangulia, uchungu wake huutayarisha ulimi kwa ule uchachu. Mpangilio huo haukuwa wa bahati.

Kahawa ilifunga pia mambo yasiyofunguka. Katika omukago, udugu wa kuchanjiana, wawili waliokubaliana kuwa ndugu walichukua tunda moja la kahawa, ambalo ndani yake buni mbili hulala zikitazamana. Kila mmoja alipaka ya kwake damu yake, na kila mmoja akala ya mwenzake. Tangu hapo watoto wa nyumba hizi mbili waliitana ndugu, na kumgeuka mwenzako ilikuwa ni kujilaani.

Kitu chenye uzito kama huo hakikuachwa kwa kila mtu. Katika falme za Kihaya, Ihangiro, Kihanja, Kiziba, Kyamtwara na nyingine, upandaji wa mibuni ulikuwa chini ya mkono wa mukama, yaani mfalme, na watu wake. Wazee husimulia kuwa mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuotesha mbegu. Mti wenyewe wa asili huweza kuzaana bila mbegu, kwani matawi yake marefu hulala chini na yakigusa udongo hutoa mizizi. Ninaamini kwa dhati kwamba katazo hilo, pamoja na ubinafsi wa wenye enzi uliokuwemo, liliilinda kahawa isigeuke kuwa kitu cha kulimwa ovyo.

Biashara yake ilienda mbali. Ilivuka ziwa na mito kwenda Buganda na kwingine, na ilishuka kusini kwa misafara. Richard Burton, aliyekaa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1858, aliandika habari za kahawa ya Karagwe iliyotafunwa badala ya kunywewa. Wafanyabiashara wenye asili ya Oman walikuwa na makazi yao Kafuro, karibu na makao ya Mukama Rumanika wa Karagwe. Hawa walikuwa watu wa mdila na kikombe kidogo, kahawa chungu ya pwani, na wenyeji wao walikuwa watu wa kikapu. Kahawa mbili za dunia zilikutana pale Karagwe, kila moja na adabu zake zilizokamilika.

Mwishoni mwa karne ya 19 jambo jingine lilikuwa likitokea mbali. Kutu ya majani ilizuka Ceylon mwaka 1869, ikaua mashamba ya arabika pale na baadaye Java. Wakulima wakubwa wakatafuta mbuni mgumu. Waliupata katika misitu ya Kongo, na kampuni moja ya miche mjini Brussels ikauuza kwa jina la robusta, yaani wenye nguvu. Tangu siku hiyo mti huo ulisifiwa kwa kutokufa. Hakuna aliyeuliza utamu wake, na sifa hiyo ya punda ndiyo iliyotufuata hadi leo.

Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901 na meli za mvuke zikaanza kuzunguka ziwa, gunia la kahawa la Bukoba lilipata njia ya kwenda baharini. Kodi ya fedha ilidaiwa, na kahawa ndiyo iliyoilipa. Katazo la kupanda likafa, likazaliwa agizo la kupanda. Waingereza walipochukua nchi waliendeleza mambo hayo, na katika miaka ya 1920 bei ilipopanda, Buhaya ilijengwa upya kwa kahawa: nyumba za bati, baiskeli, karo za shule. Sifa ya Wahaya kupenda elimu ina mbolea ya mibuni ndani yake.

Wala sisikitiki kwamba watu walipata fedha. Ninachosikitikia ni kwamba mnunuzi alipima uzito peke yake. Iliyochumwa kwa vidole viwili na iliyokamuliwa ikiwa changa, zote ziliingia mzani mmoja kwa bei moja. Serikali ya kikoloni ilipoleta maagizo na wakaguzi wa namna ya kutunza mibuni, wakulima waliona wanaingiliwa hadi mlangoni, na mwaka 1937 upinzani huo ukawa machafuko. Chama kikuu cha ushirika, BNCU, kiliundwa mwaka 1950, kikampa mkulima sauti sokoni. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vilivunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Miaka hiyo ya kati, baridi kali ya Brazil ya Julai 1975 ilikuwa imepandisha bei ya dunia, na Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka. Mtu asiyejua kesho yake haanikii kwenye mkeka kwa siku kumi.

Umaskini ulizaa butura, kuuza kahawa ikiwa bado ua mtini. Mchuuzi alitoa fedha kidogo mwezi wa njaa, na msimu ukifika akaja kuchukua chake, kibichi na kilichoiva pamoja. Hakuna kilichoharibu ladha ya kahawa yetu kuliko hilo. Kisha katika miaka ya 1990 ukaja mnyauko fuzari, ulioingia kwenye shina na kukausha mti mzima. Kituo cha utafiti cha Maruku, chini ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa nchini, kimefanya kazi kubwa ya kutafuta miche inayostahimili. Naishukuru kazi hiyo, na bado naomba kila mwenye mibuni mikongwe ya asili asiing'oe yote.

Mwaka 2010 wataalamu waliokutana Uganda walitengeneza kanuni za kuonja robusta bora, kwa alama, kama ionjwavyo arabika, na waonjaji wakaanza kuutafuta utamu wake. Siku hizi wapo wakulima wa Kagera wanaochuma nyekundu tupu na kuzianika juu ya vichanja. Nimeinywa hiyo bila maziwa wala sukari: nzito mdomoni, yenye kakao na karanga zilizokaangwa, uchungu wake umekaa mwisho na unaondoka taratibu. Ikaange kiasi, isifike weusi wa mkaa.

Ukipita sokoni Bukoba utaikuta akamwani kwenye vifungo vidogo vya majani makavu ya mgomba, akina mama wakiiuza kwa wasafiri. Ichukue, ila kwanza itikise karibu na sikio. Ikigongana ndani, imekauka sawasawa. Ikiwa kimya, bado ina maji na itaota ukungu kabla hujafika Mwanza. Mrudishie mama kwa adabu, umwombe kifungo kingine.